Ada ya miundombinu: mlipaji hasa ni nani?

Kila nikikaa na mwendelezaji mwenye hasira, yaani mtu anayenunua kiwanja, kujenga nyumba na kuziuza, wimbo ni uleule: halmashauri ikipandisha ada ya miundombinu inayomtoza, naye atapandisha bei ya nyumba. Mimi ni mthamini wa ardhi, na hesabu zangu hazikubaliani naye.

Karatasi yangu huanzia juu, kwenye bei ambayo nyumba itauzwa. Tuseme 100. Natoa ujenzi, wataalamu na riba ya mkopo: 60. Natoa faida ya mwendelezaji: 15, maana chini ya hapo benki haimsikilizi. Inabaki 25, nayo ndiyo anayoweza kumpa mwenye kiwanja. Sasa ingiza ada ya 5 kwa ajili ya maji safi, maji taka na barabara. Ile 100 haisogei, kwa sababu mnunuzi anatazama pia nyumba za zamani za mtaa wa pili, ambazo hazina ada yoyote. Inayoshuka ni 25; inakuwa 20. Mwanauchumi wa Uingereza, David Ricardo, alishaliona hili mwaka 1817 alipoandika juu ya nafaka na kodi anayolipwa mwenye shamba: bei ya mazao ndiyo inayopandisha kodi hiyo, si kodi inayopandisha bei.

Ila hesabu hii inataka ada ijulikane mapema. Aliyekwisha kulipa 25 halafu akashtukizwa hana pa kuutua mzigo. Niliwahi kuitwa kuthamini mradi wa namna hiyo: msingi umemwagwa zege, nondo zimesimama zikiota kutu, mafundi hawapo.

Mwenye ardhi naye hajafungwa kamba. Kama kulima kunamlipa 22, hauzi kwa 20. Wakigoma wengi, nyumba mpya zinaadimika, na hapo bei hupanda kweli. Ndiyo maana ada huuma zaidi pembezoni mwa mji, ambako thamani ya ardhi kwa ujenzi haijaizidi sana thamani yake kwa kilimo.

Kinachonikera mimi ni ada moja kwa kila nyumba. Chumba kimoja kilipe sawa na jumba la vyumba sita? Basi nani atajenga chumba kimoja! Tozo ya miundombinu iliyoanza Uingereza mwaka 2010 hupigwa kwa mita ya mraba, na hiyo ina mantiki zaidi.

Siku hizi mwendelezaji akija kutaka nimwandikie hoja za kuomba ada ifutwe, namuuliza kwanza kama kiwanja ameshakinunua.