Je, wajua kwa nini timu za voliboli za kina dada Ulaya zinaitwa majina ya jibini, nyanya na matrekta?

Ukisoma orodha ya mabingwa wa Ligi ya Mabingwa Ulaya upande wa kina dada unaweza kudhani umeokota risiti ya supamaketi. Mwaka 2015 walibeba Eczacıbaşı VitrA wa Istanbul, na VitrA ni brandi ya vigae na masinki ya bafuni. 2016 ni Pomì Casalmaggiore, Pomì hao ni wale wa sosi ya nyanya ya pakiti. 2017 na 2018 VakıfBank, benki kabisa. 2019 Igor Gorgonzola Novara, hiyo gorgonzola ni jibini ile yenye ukungu wa bluu ambayo ukiifungua watu wanatoka jikoni. 2020 korona ikafuta kila kitu, 2021 wakaja A. Carraro Imoco Conegliano, na A. Carraro wanatengeneza matrekta madogo ya kupita kwenye mashamba ya zabibu. Benki ikarudi 2022 na 2023, halafu trekta 2024, halafu trekta tena 2025.

Sasa kwa nini hivi, mbona mpira wa miguu huoni?

Jibu fupi ni hela, lakini kuna kisa ndani yake. Timu kubwa ya mpira wa miguu ina hela ya tivii, ina hela ya mlangoni, inauza jezi dunia nzima, kwa hiyo mdhamini anapewa kifua cha jezi na anashukuru. Voliboli haina hayo. Conegliano, timu ambayo wengi wanaiona ndiyo bora duniani kwa sasa, inacheza kwenye ukumbi unaitwa Palaverde pale Villorba jirani na Treviso, Italia, na ukijaa wote ni watu elfu tano na kidogo. Casalmaggiore ni mji wa watu kama elfu 15 tu jamani, elfu 15, na wakachukua kombe la Ulaya kwa kuwapiga VakıfBank seti tatu bila. Huwezi kumlipa mshambuliaji wa timu ya taifa kwa tiketi za mji kama huo, lazima aje mtu mwenye kiwanda, na mtu mwenye kiwanda akija hataki kujibanza kwenye kona ya jezi, anataka mtangazaji akisema nani kashinda aseme jina lake. Ndiyo bei yenyewe hiyo. Hela inaingia vitabuni kama gharama ya matangazo na kila gazeti likiandika matokeo linamtangaza bure.

Na Waitalia hawajaanza jana. Matera walichukua ubingwa wa Ulaya 1993 wakiitwa Latte Rugiada, maziwa hayo. Bergamo, mabingwa mara 7 kati ya 1997 na 2010, karibu wote wa rika langu tunawakumbuka kama Foppapedretti, na hao ni watu wa samani, vitanda vya watoto na meza za kupigia pasi. Perugia walishinda 2006 wakiwa Despar, ambao ni maduka, wakashinda 2008 wakiwa Colussi, ambao ni biskuti, timu ileile lakini kama hufuatilii utasema ni mbili tofauti.

Kitu kingine ambacho kinanifurahisha ni kwamba mara nyingi mdhamini anatoka hapohapo kijijini. Igor wanatengeneza jibini yao Cameri, pua na mdomo na Novara, na klabu yenyewe mizizi yake iko Trecate ambako ilianzishwa na mtawa wa Kikatoliki, sista Giovanna Saporiti, sista kabisa na shela yake kichwani anakaa jukwaani kwenye mechi za Ulaya. Scandicci karibu na Florence wanaitwa Savino Del Bene, kampuni ya kusafirisha mizigo yenye makao yake hapohapo. Conegliano ni nchi ya prosecco, ule mvinyo wa mapovu, vilima vyake viko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2019, na rais wa klabu, Piero Garbellotto, anatoka familia inayotengeneza mapipa ya mvinyo. Ndiyo maana kwenye ligi ya nyumbani walikuwa wakiitwa Prosecco DOC Imoco, wakivuka kwenda Ulaya wanakuwa A. Carraro Imoco. Wachezaji walewale, kocha Santarelli yuleyule, ila mvinyo umebaki nyumbani limetoka trekta. UEFA kwenye mpira wa miguu hawataki mchezo huo, Red Bull Salzburg wakifika huko wanaandikwa FC Salzburg basi.

Ukitaka kuona utamu wa hii kitu mfuate Paola Egonu, yule dada Mwitalia aliyezaliwa Cittadella na wazazi kutoka Nigeria. Kombe hili kalishinda na jibini 2019, kalishinda na trekta 2021, kalishinda na benki 2023. Halafu akahamia Milano.

Ubaya wake nao upo na si mdogo. Anayelipia jina siku akichoka anaondoka, na jina linaondoka naye. Foppapedretti walitoka mbele ya jina la Bergamo 2018 wakaingia Zanetti, jibini tena, lakini ile Bergamo ya kutisha Ulaya haijarudi. Perugia ile ya biskuti ilikufa kabisa miaka michache baada ya ubingwa wake wa pili, mabingwa mara mbili wa Ulaya, hakuna tena.

Uturuki ndiyo wamefanya tofauti na watu wengi wanawachanganya. Kule kwa Eczacıbaşı na VakıfBank kampuni haikodishi jina, kampuni ndiyo mwenye timu. Eczacıbaşı ni kundi la makampuni lililoanzia kwenye dawa na wana voliboli tangu miaka ya 1960, VakıfBank ni timu ya benki. Kuna maongezo ya wadhamini juu yake ndiyo, ubingwa wao wa kwanza 2011 waliuchukua wakiitwa VakıfBank Güneş Sigorta Türk Telekom, yaani benki, bima na simu kwenye jezi moja, sijui mtangazaji alikuwa anapumua saa ngapi. Lakini mwenye nyumba habadiliki. Ndiyo maana kocha Giovanni Guidetti yuko VakıfBank tangu 2008, ndiyo maana waliweza kushinda mechi 73 mfululizo kati ya 2012 na 2014, rekodi iliyokuja kuvunjwa na Conegliano waliofika 76 kabla ya Perugia nyingine, mpya, kuwakata Desemba 2021. Conegliano kwangu ni ajabu kwa sababu wamefikia uthabiti huo kwa njia ya Kiitaliano, njia iliyowaua wengine.

Mkenya haya ya Uturuki anayajua tayari hata kama hajawahi kuangalia mechi ya Istanbul. KCB ni benki, Kenya Pipeline ni kampuni ya bomba la mafuta, Kenya Prisons ni magereza, na wote watatu washabeba ubingwa wa klabu Afrika. Mchezaji ni mfanyakazi, timu haitafuti mdhamini kila Juni.

Msimu wa 2024/25 ulikuwa na timu 20 kwenye makundi matano, na nne za mwisho zilipokutana Istanbul Mei 2025 tatu zilikuwa za Italia: Conegliano, Milano waliojiita Numia ambao ni watu wa malipo ya kadi, na Scandicci wa mizigo, mwenyeji akiwa VakıfBank. Scandicci wakamtoa mwenyeji nyumbani kwake, fainali wakapigwa tatu bila na Conegliano, ambao msimu huo walibeba kila kombe waliloligusa, hadi la dunia la klabu kule China.

Kwa hiyo ukiwa unatafuta matokeo usihangaike na neno la kwanza, angalia neno la mwisho, kwa Waitalia hapo ndipo mji ulipo na mji hauuzwi. Kwa Waturuki fanya kinyume, shika neno la kwanza, haya mengine ya nyuma ni wageni. Fenerbahçe peke yao washakuwa Universal, Opet na Medicana, hospitali, petroli, hospitali tena.