Je, wajua kwa nini mpiga chapa hodari hawezi kukutajia herufi ziko wapi?

Mpe mtu anayechapa kwa kasi mchoro wa kibodi usio na herufi hata moja, umwambie aijaze. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walifanya jaribio la namna hiyo. Waliopimwa walikuwa wazoefu: wastani wao ulikuwa maneno 72 kwa dakika, na makosa yao machache. Walipopewa sekunde 80 za kujaza kibodi tupu, kwa wastani waliweza kuweka mahali pake herufi 15 tu kati ya 26. Kidole hufika kwenye B siku nzima bila kukosea, lakini mwenye kidole ukimwuliza B iko upande gani, hana jibu la haraka.

Sababu ni kwamba kuchapa bila kutazama si kukariri ramani ya kibodi. Hata mwanzoni mwanafunzi haonekani kuikariri kikamilifu, na mazoezi yakikolea kinachobaki ni mwendo wa vidole, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati gizani. Akili huamua neno. Vidole huamua herufi.

Mwaka 2010, Gordon Logan na Matthew Crump wa chuo hicho hicho walilionyesha jambo hili kwa njia ya ajabu. Waliwapa wapiga chapa maneno ya kuandika, kisha kompyuta ikawa inapenyeza kwenye skrini makosa ambayo hawakuyafanya, na mengine waliyoyafanya kweli ikiyasahihisha kimyakimya. Walipoulizwa, watu waliamini skrini: walijilaumu kwa makosa yasiyo yao na kujisifu kwa usahihi usio wao. Vidole havikudanganyika. Vilipunguza kasi baada ya makosa ya kweli tu, hata pale skrini ilipoonyesha neno limekaa sawa.

Ndiyo maana walimu wa uhazili hukazania kwamba usitazame vitufe. Anayetazama anakirudishia kichwa kazi ambayo vidole vingeimaliza vyenyewe, na mwendo haupati nafasi ya kujijenga. Tena macho yana kazi nyingine. Mtu anayenakili maandishi husoma mbele ya mikono yake, herufi kadhaa kabla ya ile inayopigwa. Akionyeshwa herufi moja moja, bila kuona inayofuata, kasi yake hushuka vibaya hata awe hodari kiasi gani.

Ulimwengu ulichelewa kuligundua hili. Mashine ya Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874, haikuja na maelekezo ya kidole gani kipige wapi, na wengi walidonoa kwa vidole viwili au vinne. Tarehe 25 Julai 1888, mjini Cincinnati, Frank McGurrin, mwandishi wa hatimkato mahakamani kutoka Salt Lake City, alishindana hadharani na Louis Traub, bingwa aliyetumia mashine yenye vitufe tofauti vya herufi kubwa na ndogo. McGurrin hakutazama vitufe, akashinda. Ushindi huo ulivuma magazetini, na mafunzo ya kuchapa bila kutazama yakaanza kupata heshima.

Namna yenyewe inajulikana: vidole vya kushoto hukaa juu ya A, S, D na F, vya kulia juu ya J, K, L na kitufe kinachofuata, gumba likingoja kwenye kitufe kirefu cha nafasi. Vijinundu vilivyo kwenye F na J viko pale ili vidole vya shahada virudi nyumbani kwa kupapasa tu.

Hapa sisi tunaoandika Kiswahili tuna jambo letu ambalo programu za mazoezi hazilisemi. Mpangilio wa QWERTY, yaani ule wa kawaida wa vitufe uitwao kwa herufi sita za mwanzo za safu ya juu, haukutengenezwa kwa ajili ya lugha yetu. Herufi tunayoitumia kuliko zote ni A, nayo imetupwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu. Q na X, ambazo hatuzihitaji, zimepewa nafasi zao kamili. K na I zote ni za kidole cha kati cha kulia, kwa hiyo kila kiambishi “ki” ni kidole kimoja kinachoruka mara mbili. Kidole cha shahada cha kulia ndicho kinachoonewa zaidi, kwa kuwa kinabeba H, J, M, N, U na Y. Chapa neno “nyumba”: herufi nne za mwanzo zote ni zake. Katika “jumuiya” kinazo tano kati ya saba.

Kwa kuwa vidole hujifunza mfuatano, na si herufi moja moja, anayefanya mazoezi kwa maneno ya Kiingereza pekee anavizoesha vidole vyake lugha nyingine. Atafika kwenye “wanyonyaji” na kukwama kama mgeni. Ushauri wangu ni huu: ukishazifahamu safu tatu, achana na aya za programu, uchape habari za Kiswahili, barua za Kiswahili, ripoti za Kiswahili. Na usiogope urefu wa maneno yetu unapopimwa kasi. Katika vipimo hivyo “neno” huhesabiwa kuwa mapigo 5, nafasi ikiwemo, kwa hiyo “walipowasilisha” peke yake inakupa maneno matatu.

Macho yakishakuwa huru, yanaiona hati yenyewe. Nayo hati ya kikazi huharibika kwa sababu inayofanana sana na ile ya kuchapa: watu huipanga kwa macho, si kwa muundo. Utamkuta mtu anabonyeza kitufe cha nafasi mara kumi na mbili ili tarakimu zikae chini ya neno “Jumla”. Kwenye taipureta hilo lilifaa, maana kila herufi ilichukua upana uleule, herufi 10 au 12 kwa inchi, iwe “i” au “m”. Fonti (aina za herufi) nyingi za leo huipa “m” upana mkubwa kuliko “i”, kwa hiyo nafasi zako kumi na mbili hazilingani na chochote. Faili ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, safu zote hupinda. Kitufe cha Tab husema “anzia sentimita hii”, na hapo tarakimu hazina pa kukimbilia.

Vivyo hivyo kusukuma kichwa cha habari kwenda ukurasa unaofuata kwa kubonyeza Enter mara nyingi. Ongeza sentensi moja juu, na kichwa kinahama mahali pake. Tumia amri ya kuvunja ukurasa. Vichwa vyenyewe vipewe mtindo wa kichwa uliomo kwenye programu ya kuandikia, badala ya kukoleza wino na kukuza herufi kimoja kimoja. Ukifanya hivyo, orodha ya yaliyomo hujitengeneza yenyewe. Kupigia mstari vichwa nako ni urithi wa mashine ambayo haikuwa na herufi nzito wala za mlazo. Mimi naona mstari mmoja chini ya “Yah:” unatosha katika barua nzima.

Kabla ya yote, kagua ukubwa wa karatasi. A4 ni milimita 210 kwa 297. Karatasi ya barua ya Marekani ni takriban 216 kwa 279, pana kidogo na fupi zaidi. Hati iliyopangwa kwa moja na kuchapishwa kwa nyingine hubadili mahali kurasa zinapokatika, na sahihi ya mkuu inaweza kuhamia peke yake ukurasa wa pili.

Kuna njia ya haraka ya kujua hati imejengwaje: bonyeza alama ya ¶ kwenye upau wa zana. Kila nafasi itajitokeza kama nukta, kila Tab kama mshale, kila Enter kama alama hiyohiyo. Ukiona msururu wa nukta, ufute na uweke mshale mmoja. Ukiona alama za Enter zimerundikana, tumia amri ya kuvunja ukurasa. Fanya hivyo kabla ya kuituma, maana anayepokea naye anaweza kuibonyeza.