Ndovu Si Mada ya Utafiti

Unapokaribia msimu wa kupokea wanafunzi wa shahada ya uzamili ya tabia za wanyama, baruapepe zinazonifikia hufanana sana: mwandishi anapenda ndovu tangu utotoni, amewahi kuzuru hifadhi ya Amboseli au kituo cha kulea ndovu yatima hapa Nairobi, na kwa hivyo anaomba nimsimamie ili "asome ndovu". Wachache huandika simba au duma badala ya ndovu. Nimekwisha kulijibu ombi hili mara nyingi mno kwa upole, na sasa nalijibu hadharani. Kumchagua mnyama hakujakupa mada. Tasnifu hujibu swali, na mnyama huchaguliwa baadaye, kwa sababu anaweza kulijibu swali hilo ndani ya muda na fedha ulizo nazo.

Tazama kazi iliyofanywa kuhusu tumbili wa Amboseli. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walitaka kujua iwapo mlio wa tahadhari wa tumbili humtaja adui fulani au huonyesha tu kiwango cha woga. Walirekodi milio hiyo, wakaficha spika, wakaicheza wakati ambapo hapakuwa na adui yeyote, kisha wakanasa kwa kamera jinsi tumbili walivyoitikia. Waliposikia mlio wa chui walikimbilia mitini, wa tai wakatazama juu au kujificha vichakani, na wa nyoka wakatazama chini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980 na yanafundishwa hadi leo, kwa kuwa swali lilipangwa kwa namna ambayo jibu lingeweza kuwakana watafiti wenyewe. Sijui kama walikuwa wakiwapenda tumbili, na hakuna mtahini aliyewahi kuuliza.

Ndovu nao hufaa pale swali linapowahitaji. Karen McComb na wenzake waliwachezea ndovu wa Amboseli sauti za watu wakitamka maneno yaleyale kwa Kimaasai na kwa Kikamba, na katika makala yao ya mwaka 2014 wakaonyesha kwamba ndovu walijikusanya na kurudi nyuma zaidi waliposikia wanaume Wamaasai kuliko waliposikia wanaume Wakamba, au wanawake na wavulana wa Kimaasai. Jaribio hilo liliegemea mradi ulioanzishwa na Cynthia Moss mwaka 1972, ambao unawatambua ndovu hao mmoja mmoja na kujua ukoo wa kila mmoja. Mwanafunzi mwenye miezi michache ya kazi ya nyanjani na fedha za mafuta ya gari alizochangiwa na wajomba hana akiba ya namna hiyo, isipokuwa akaribishwe katika mradi wa muda mrefu, na hapo atalazimika kuuliza kile ambacho data iliyopo inaweza kujibu. Mimba ya ndovu huchukua takriban miezi 22. Anayeniambia kwamba atapima mafanikio ya uzazi wa ndovu katika shahada ya miaka miwili hajapiga hesabu hata moja.

Kibaya zaidi, mapenzi kwa mnyama huharibu data. Anayekaa mbele ya kundi na kuandika "chochote cha kuvutia" ataandika mapigano, kupandana na michezo ya watoto, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyovuta macho, na ripoti yake itaonyesha wanyama wanaopigana mchana kutwa, ilhali muda mwingi walikuwa wakila na kupumzika. Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli, alilichambua tatizo hili katika makala ya mwaka 1974 ambayo kila mwanafunzi wangu huisoma kabla ya kugusa darubini: mteue mnyama mmoja kwa kanuni uliyoiweka mapema, mfuatilie kwa muda uliopangwa iwe anavutia au anachosha, kisha uhamie kwa mwingine. Pia vipimo mia moja vya familia moja ya ndovu haviwi ndovu mia moja, kwa kuwa wanatembea pamoja na kuigana. Mwanafunzi asiyelielewa jambo hilo hugundua, akiwa amekwisha kurudi mjini, kwamba sampuli yake halisi ni familia moja tu. Ndiyo maana siwapokei wanaosema kwamba wao ni watu wa porini na takwimu watamwachia mwingine.

Ushauri wangu, ambao wengi huupokea kama tusi, ni huu: nenda kwa makorongo aina ya marabu wanaokaa juu ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo hapa Nairobi. Andika orodha ya tabia zao, kila moja ikiwa na maelezo yasiyohitaji kubahatisha, kisha rekodi kila dakika ndege mmoja anafanya nini. Mwombe rafiki amrekodi ndege yuleyule kwa wakati uleule bila kutazama karatasi yako. Mkitofautiana, tatizo liko katika maelezo yenu, na ni afadhali kulijua hapo, kwa nauli ya matatu, kuliko kulijua mbugani Samburu. Anayeona marabu hawastahili kazi hii atawaona ndovu vivyo hivyo mara mvua ya kwanza itakapomnyeshea. Kima wa Msitu wa Karura wanafaa pia, ila huiba chakula.

Dhana nyingine potofu hazihitaji maneno mengi. Wengine huchanganya masomo haya na udaktari wa mifugo, unaofundishwa chuoni Kabete, lakini huo ni taaluma tofauti yenye bodi yake ya usajili. Unakuwezesha kumtibu chui aliyenaswa, lakini haukufundishi kubuni jaribio la tabia, na wala shahada ya tabia za wanyama haikupi ruhusa ya kumdunga mnyama dawa ya usingizi.

Wengine huamini kwamba kazi zote ziko KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Zipo huko, na zipo pia katika hifadhi za jamii, Makavazi ya Kitaifa, Taasisi ya Utafiti wa Nyani na Jamii Yake iliyoko Karen, na kampuni zinazotathmini athari za miradi kwa mazingira. Mahali pa kuweka vivuko vya wanyama chini ya reli inayopita Tsavo, na namna ya kuwakinga tumbusi dhidi ya mitambo ya upepo kule Kajiado, ni maswali ya tabia za wanyama, na wanaoyajibu hulipwa.

Kuhusu masomo ya ng'ambo, wengi hudhani kwamba uzamivu hauwezekani popote bila uzamili. Hapa Kenya kwa kawaida ndivyo, lakini vyuo vingi vya Marekani hupokea wenye shahada ya kwanza moja kwa moja katika uzamivu na kuwalipa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Hata hivyo, katika ekolojia na tabia za wanyama hupaswi kutuma fomu tu. Mwandikie msimamizi kwanza, kwa jina lake, baada ya kusoma kazi zake, ukiwa na swali.

Mwisho ni kibali. Wapo wanaodhani wanaweza kuanza kukusanya data huku wakisubiri karatasi. Sheria ya sayansi ya mwaka 2013 inamtaka kila mtafiti apate leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na anayefanya kazi na wanyamapori huhitaji pia idhini ya Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Naivasha. Ukitaka kuchukua damu, nywele au kinyesi kwa uchunguzi wa vinasaba au homoni, ulizia mapema masharti ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na ikiwa sampuli zitavuka mpaka, yale ya CITES pia, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Maombi hayo yaanze pendekezo la utafiti linapopitishwa, kabla ya kununua hema.