Kwa nini mashabiki wa Frank Zappa hawaishi kubadilishana kanda zake?

Frank Zappa, mpiga gitaa na mtunzi wa muziki wa Marekani, alifariki tarehe 4 Desemba 1993, zikiwa zimebaki siku chache tu atimize miaka 53. Akiwa hai alitoa albamu zaidi ya 60, na tangu azikwe zimeendelea kutoka nyingine kwa makumi. Hata hivyo mashabiki wake hawajatosheka. Wanabishana solo fulani ya gitaa (sehemu ambapo gitaa linatangulia peke yake mbele ya wenzake) ilipigwa mji gani na usiku gani. Wanapeana orodha za nyimbo zilizopigwa kwenye kila onyesho, nota walizoandika kwa kusikiliza kwa makini, na nakala za kanda zilizorekodiwa na mtu aliyeficha kinasa sauti ndani ya koti. Wasanii wengi wa roki wana wakereketwa wao, lakini hawa wa Zappa wanafanya kazi inayofanana na ya wale wanaohariri tenzi za kale: wanatandaza miswada yote mezani, wanalinganisha beti kwa beti, wanatafuta ni mkono wa nani ulibadilisha neno.

Wengi watakujibu haraka kwamba Zappa alikuwa mtu wa vituko, na vituko huvuta watu. Ni kweli alikuwa navyo. Mwaka 1963, kabla hajajulikana, alitokea kwenye kipindi cha televisheni cha Steve Allen akipiga baiskeli kama ala ya muziki: aligongagonga spoki, akazikwaruza kwa upinde wa fidla. Lakini vituko peke yake havimfanyi mtu ahifadhi kanda kwa miaka 40. Sababu yenyewe iko ndani ya muziki, na katika namna Zappa alivyoutengeneza.

Tuanzie kwenye malezi yake. Alizaliwa Baltimore mwaka 1940, akakulia zaidi California. Akiwa kijana alisikia habari za santuri ya Edgard Varèse, mtunzi Mfaransa aliyehamia Marekani na kuandika muziki wa ngoma, ving'ora na sauti kali ambazo masikio ya wengi hayakuzizoea. Aliitafuta hadi akaipata. Alipofikisha miaka 15 mama yake alimuuliza anataka zawadi gani. Akaomba aruhusiwe kupiga simu ya mbali hadi New York kuzungumza na Varèse. Siku hiyo hakumpata, akazungumza na mkewe. Mapenzi hayo hayakumtoka. Kwa hiyo alipounda bendi ya roki, The Mothers of Invention, na kutoa albamu ya kwanza mwaka 1966 (santuri mbili kwa mpigo, jambo lililokuwa jipya kabisa katika roki), hakuwa mpiga gitaa aliyejaribu kuwa mtunzi. Alikuwa mtunzi aliyeona bendi ya roki ndiyo okestra anayoweza kuimudu. Na wanaodhani muziki ule ulitokana na madawa ya kulevya wanakosea: Zappa aliishi kwa kahawa na sigara, na hakuvumilia mwanamuziki wake alewe dawa akiwa kazini.

Sasa tuingie studio, maana hapa ndipo penye uhondo wote.

Chukua wimbo "Inca Roads" katika albamu ya mwaka 1975, One Size Fits All. Ukiusikiliza utadhani bendi imesimama pamoja, watu wanatazamana, gitaa linapaa na wenzake wanalifuata. Ukweli ni kwamba msingi wa wimbo ulirekodiwa Los Angeles mwezi Agosti 1974, kwenye kituo cha televisheni cha KCET. Solo ya gitaa ilipigwa Helsinki, Finland, mwezi Septemba mwaka huohuo, mbele ya watu wengine kabisa. Zappa alikata kanda na kuziunganisha, na mshono huwezi kuusikia kama hujaambiwa. Ukishaambiwa, utarudia sehemu ile mara nyingi ukiutafuta.

Baadaye akaenda mbali zaidi. Alichukua sauti ya ala moja kutoka wimbo mmoja na kuilaza juu ya wimbo mwingine usiohusiana nao, wenye mwendo mwingine na hesabu nyingine ya mapigo. Mbinu hiyo aliipa jina la kujitungia, zenokroni. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kipande kifupi kiitwacho "Rubber Shirt", katika albamu ya mwaka 1979, Sheik Yerbouti. Patrick O'Hearn alipiga gitaa la besi akisikiliza kipande cha mapigo manne. Terry Bozzio alipiga dramu katika wimbo mwingine, wa polepole, wenye mapigo 11. Mwaka mmoja na nusu baada ya besi kurekodiwa, Zappa aliibandua na kuiweka juu ya dramu zile. Sikiliza dakika ya kwanza tu: besi inauliza, dramu zinajibu; dramu zinanyamaza, besi inajaza nafasi. Mazungumzo hayo hayakuwahi kutokea. Zappa mwenyewe alilieleza jambo hilo kwenye maandishi yaliyoambatana na albamu, bila kuficha chochote. Na katika Joe's Garage ya mwaka huohuo, karibu solo zote za gitaa zilitolewa kwenye kanda za maonyesho ya ziara yake na kupandikizwa ndani ya nyimbo zilizorekodiwa studio.

Fikiria hilo linamfanya nini msikilizaji makini. Kila solo ina asili yake mahali fulani: ukumbi fulani, usiku fulani, wimbo mwingine. Mwenye kanda ya onyesho lile, hata kama sauti yake ni ya kukwaruza, anashika ushahidi. Ndiyo maana kanda mbovu iliyorekodiwa na mtu aliyekaa safu ya nyuma ina thamani kwa watu hawa. Wanaisikiliza wakingojea zile nota chache wanazozijua, na zikija wanaandikiana: imepatikana, ni ya mji huu, tarehe hii.

Halafu kuna habari ya CD, ambayo mpaka leo inawasha moto. Katikati ya miaka ya 1980 Zappa alianza kutoa upya albamu zake za zamani. Mbili za mwaka 1968, We're Only in It for the Money na Cruising with Ruben & the Jets, zilirudi madukani zikiwa na besi na dramu mpya, zilizopigwa na Arthur Barrow na Chad Wackerman, vijana wa bendi yake ya miaka ile. Wapiga dramu waliosikika mwaka 1968 walifutwa. Mashabiki walikasirika, na mimi niko upande wao: dramu zile mpya zina mlio wa miaka ya 1980 uliokaa juu ya sauti za miaka ya 1960 bila kuzizoea. Lakini hasira ile ilizaa kazi ya maana. Watu walianza kulinganisha kila santuri na kila CD, sekunde kwa sekunde, wakaandika mahali palipokatwa, neno lililoondolewa, ala iliyoongezwa. Miksi ya zamani, yaani sauti zilivyochanganywa mwanzo, ya We're Only in It for the Money ilirudi kwenye CD mwaka 1995. Hadi leo, anayetaka kununua albamu ya Zappa huulizwa kwanza: toleo lipi?

Lipo na tukio moja linaloeleza uhusiano wa Zappa na kanda kuliko jingine lolote. Mwaka 1977 aligombana na kampuni ya Warner Bros., iliyokuwa ikisambaza rekodi zake. Kazi alikuwa ameshaikabidhi, pesa hazikuja, na rekodi hazikutoka. Akapanga muziki ule katika seti ya santuri nne aliyoiita Läther, akatafuta kampuni nyingine. Njia hiyo nayo ikazibwa. Mwishoni mwa mwaka akaingia studio za redio ya KROQ huko Pasadena, California, akaicheza seti nzima hewani na kuwaambia wasikilizaji watayarishe vinasa sauti vyao, wairekodi, wabaki nayo. Warner wakaja kuutoa muziki huohuo vipande vipande katika albamu nne, kati ya mwaka 1978 na 1979. Läther kamili haikuuzwa rasmi hadi 1996, miaka mitatu baada ya kifo chake. Kwa karibu miaka 20, aliyetaka kuisikia kama mtunzi alivyoipanga alilazimika kumtafuta mtu mwenye kanda ya redio, au mtu aliyenakili kanda ya mtu huyo. Mjadala wa ipi ilitangulia, seti ya santuri nne au albamu nne zilizotengana, haujafungwa hadi leo, na pande zote mbili zina ushahidi wa kutoa.

Tusidhani kwa hilo kwamba Zappa aliwapenda wauzaji wa rekodi za magendo. Aliwachukia. Walirekodi maonyesho yake, wakachapa santuri zenye sauti mbaya na kuziuza bei juu, naye asipate senti. Jibu lake la mwaka 1991 lilikuwa la kimtunzi hasa: akishirikiana na kampuni ya Rhino, alizitoa upya rekodi nane za magendo kama zilivyo, pamoja na mikwaruzo yake na majalada ya walanguzi wenyewe, chini ya jina Beat the Boots. Mwaka uliofuata ikaja seti ya pili. Hakurekebisha sauti hata kidogo.

Alikuwa amelifikiria tatizo hilo mapema. Mwaka 1983 aliandika pendekezo la namna mpya ya kuuza muziki, ambalo baadaye alilichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1989. Alisema muziki uhifadhiwe mahali pamoja kwa mfumo wa dijitali, mteja achague akiwa nyumbani, aupokee kwa waya wa simu au kebo ya televisheni na kuurekodi mwenyewe kwenye kanda. Kompyuta hiyohiyo ingemtoza mteja na kumhesabia mtunzi haki yake. Watu wanapenda kurekodi nyumbani, kwa hiyo acha warekodi, ila mtunzi alipwe. Hakupata mtu wa kuweka mtaji. Anayesikiliza muziki kwa simu leo anaweza kuona jinsi pendekezo lile lilivyokaribia.

Kubadilishana huku hakukuishia kwenye kanda. Mwaka 1976 Zappa alimwandikia Terry Bozzio kipande cha dramu kilichojaa nota hadi karatasi ikawa nyeusi, na ndiyo maana kikaitwa "The Black Page". Kijana mmoja aliyekuwa akisoma muziki katika chuo cha Berklee, Boston, alikaa akakisikiliza, akakiandika chote kwa nota, akamtumia Zappa. Kijana huyo alikuwa Steve Vai. Zappa alimwajiri kuandika nota za solo zake za gitaa, kazi iliyozaa kitabu kilichotoka mwaka 1982, na mwaka 1980 alimwingiza kwenye bendi akiwa na miaka 20. Mashabiki wanaoketi leo na vipokea sauti masikioni wakipunguza kasi ya rekodi ili wahesabu mapigo, wanatembea kwenye njia iliyofunguliwa na Vai.

Kuna waliolipia mapenzi haya kwa kifungo. Huko Prague, baada ya majeshi yaliyoongozwa na Umoja wa Kisovieti kuivamia Chekoslovakia mwaka 1968, ilizaliwa bendi iliyojiita The Plastic People of the Universe, jina lililotokana na wimbo wa Zappa. Serikali iliwanyang'anya leseni ya kupiga muziki, wakaendelea kupiga kwa siri mashambani. Mwaka 1976 walikamatwa, na baadhi yao wakafungwa. Kesi yao iliwaunganisha wasomi na waandishi, akiwemo Václav Havel, walioandika Charta 77, tamko la kuitaka serikali iheshimu haki za binadamu. Havel alipokuwa rais wa nchi hiyo, Zappa alikwenda kumtembelea Januari 1990, na watu waliokuwa wakisikiliza santuri zake kwa kujificha walijaa kumlaki.

Wengine walimfikia kwa njia zao. Ferdinando Boero, mwanabayolojia wa bahari kutoka Genoa, Italia, alitaka sana kukutana na Zappa. Alipogundua konyeza, mnyama laini wa baharini, ambaye hakuwa na jina, akamwita Phialella zappai na kumwandikia Zappa barua kumweleza. Akaalikwa nyumbani.

Na kazi yenyewe bado ipo mikononi. Zappa alihifadhi karibu kila kitu katika ghala chini ya nyumba yake huko Los Angeles, na tangu miaka ya 1990 mpiga dramu Joe Travers amekuwa akizipitia kanda hizo moja baada ya nyingine. Mwaka 2016 mwongozaji wa filamu Alex Winter aliomba mchango wa umma kwa ajili ya filamu kuhusu Zappa, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kuokoa kanda zilizokuwa zikioza. Zilichangwa zaidi ya dola milioni 1.1. Mwaka 2022 kampuni ya muziki ya Universal ilinunua urithi wote, ghala likiwemo, na maonyesho kamili yanaendelea kutolewa. Kila linapotoka jipya, mashabiki huchukua kanda zao za zamani na kulinganisha.

Ukitaka kuonja mwenyewe, usianze na rekodi za magendo. Anza na Hot Rats ya mwaka 1969, ambayo karibu yote haina maneno, kisha One Size Fits All. Baada ya hapo tafuta You Can't Do That on Stage Anymore, juzuu ya pili, iliyorekodiwa Helsinki katika ziara ileile ya Septemba 1974, uweke "Inca Roads" ya pale kando ya ile ya albamu. Zingatia gitaa linapoingia.