Skrubu ya kabureta haina kosa

Pikipiki kuukuu ya magurudumu manne ikianza kukohoa, wengi hukimbilia bisibisi na kuzungusha skrubu ya mchanganyiko kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Lakini skrubu hiyo mara chache hujilegeza yenyewe, na hutawala injini ikiunguruma bila resi au kwa resi ndogo tu.

Kinachobadilika ni petroli. Ikilala miezi kadhaa ndani ya kabureta, sehemu nyepesi huvukizwa, utando wa kunata ukabaki na kuziba jeti ndogo, kipande cha kupitishia petroli ambacho tundu lake halifiki hata milimita moja. Ndiyo maana injini hukubali kwa choki, inayozidisha petroli kwenye mchanganyiko, ukiirudisha inazima.

Ifungue jeti, uitazame dhidi ya mwanga. Huoni kitone cheupe? Iloweke kwenye dawa ya kabureta, kisha uipulize. Waya wa chuma uweke mbali: hupanua tundu.