Je, wajua kwa nini kuna chemchemi Hispania inakauka ghafla halafu maji yanarudi yenyewe?

Kaskazini mwa Hispania, mkoa wa Palencia, kuna mji mdogo unaitwa Velilla del Río Carrión, uko milimani huko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, baridi yake si ya mchezo, na hapo mjini kuna bwawa dogo la mawe lenye matao ya zamani, wenyewe wanaliita La Reana. Ukienda wiki hii unaweza kukuta limejaa maji masafi mpaka unaona kokoto za chini, ukirudi wiki nyingine unakuta kokoto tupu, hamna hata tone. Na usidhani ni kiangazi kimepiga, maana linaweza kukauka hata kipindi ambacho milima yote pale inavuja maji. Halafu siku likijisikia, maji haya hapa tena.

Hii ishu si ya jana. Plinius Mzee, yule Mrumi aliyeandika kila kitu alichokisikia duniani mpaka akaja kufia kwenye mlipuko wa Vesuvius mwaka 79, aliwahi kuwa ofisa wa serikali huko Hispania, na kwenye kitabu chake cha maumbile ya dunia akazitaja chemchemi tatu za nchi ya Wakantabria, watu wa kale wa kaskazini mwa Hispania, na wengi wanaamini La Reana ni mojawapo ya hizo, zimeachana futi 8 tu, zinaungana kwenye mfereji mmoja, zinakauka siku 12 na mara nyingine siku 20, bila dalili yoyote kwamba pale palikuwa na maji, wakati jirani yake kabisa kuna chemchemi nyingine inamwaga mwaka mzima haina habari. Wenyeji walizitumia kupiga ramli. Ukienda kuzitazama ukazikuta zinatiririka, safi, ukizikuta kavu ni nuksi, tena nuksi kubwa.

Na Plinius akatoa mfano wa mtu mzito. Larcius Licinius, ofisa mkubwa wa Kirumi mkoani humo, alikwenda kuzitazama akazikuta kavu, na baada ya siku 7 akafa. Hapo kuna kaumbea kadogo ambako mimi nakapenda kuliko stori yenyewe, maana mpwa wake Plinius, yule Plinius Mdogo, kwenye barua zake anasema mjomba alipokuwa kazini Hispania kuna bwana mmoja wa jina hilo hilo alitaka kununua daftari zake za notsi kwa sesterti 400,000, yaani sarafu za Kirumi, hela ndefu kweli, na mjomba akagoma. Wanahistoria wanaona ni mtu yule yule. Yaani Plinius alikuwa anaandika kifo cha mtu anayemjua, tena aliyetaka kununua notsi zake.

Sasa kama chemchemi inakauka siku 12 mpaka 20 kila inapojisikia, basi kila siku kuna watu wanaikuta kavu, na wengi wao walirudi nyumbani wakala wakalala wakaishi miaka mingi tu, ila hao hakuna aliyewaandika. Licinius ndo kaandikwa kwa sababu alikuwa mkubwa na alikufa haraka. Nuksi nyingi ukizichunguza ziko hivyo.

Haya, tuje kwenye swali lenyewe, maji yanaenda wapi?

Jibu liko kwenye mwamba. Milima ya pale, hasa safu inayoitwa Sierra del Brezo, ni mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha inabeba kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na nyingine nyingi zaidi inaichukua kwenye udongo ambako mizizi na wadudu wanapumua, maji yanakuwa na asidi kidogo sana, wewe ukiyanywa huhisi chochote, lakini chokaa inahisi. Kila tone linalopita kwenye ufa linaondoka na chembe ya jiwe. Peleka hivyo maelfu kwa maelfu ya miaka, ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa pango, mwisho mlima mzima una mabomba ndani ambayo hakuna fundi aliyeyapanga. Ndo maana kwenye milima ya namna hii juu unaweza kukuta pakavu kabisa, hakuna kijito, halafu chini mlimani mto mzima unatoka kwenye tundu.

Kwenye hayo mabomba ikitokea moja lina umbo fulani basi unapata chemchemi yenye tabia za ajabu. Wale waliowahi kuishiwa mafuta njiani wakanyonya petroli kwenye tanki la gari la mwenzao kwa mpira wanaijua hii fizikia vizuri tu: mpira unaingia kwenye tanki, unapanda juu ya mdomo wa tanki, unashuka kwenye dumu lililoko chini, ukishanyonya mara moja mpira ukajaa basi mafuta yanapanda yenyewe na kushuka yenyewe bila mtu kusukuma, mpaka ncha ya ndani ikutane na hewa, hapo mchezo unaisha. Ndani ya mlima inaelezwa ni hivyo hivyo. Kuna pango linalojazwa polepole na maji ya nyufa za juu, na njia ya kutokea imeanzia karibu na sakafu ya pango, inapinda kwenda juu kwanza, halafu ndo inashuka kuelekea nje. Maji yakiwa chini ya ule mpindo huku nje hutaona kitu, pamekauka, kumbe ndani pango linajaa. Yakifika juu ya mpindo, bomba linajaa lote na kuanza kuvuta, linavuta kwa kasi kuliko yale yanayoingia, kina kinashuka shuka mpaka hewa inaingia bombani, puu, limekata. Nje watu wanaona chemchemi imekufa. Inaanza kujaa upya.

Ukielewa hapo unaelewa pia kwa nini tabia yake haitabiriki. Ili mchezo uende lazima maji yanayoingia yawe machache kuliko yale bomba linaweza kuyavuta, yakizidi, mfano theluji imeyeyuka kwa wingi, pango halimaliziki na chemchemi inamwaga tu bila kukata. Na yakiwa machache mno yanapita juu ya mpindo kwa kuchuruzika tu bila kulijaza bomba, kwa hiyo halivuti. Ongeza kwamba mlimani mapango yanaweza kuwa mengi yanamwagiana, moja likichelewa linamchelewesha mwenzake, ndo unapata siku 12 mara siku 20 mara wiki kadhaa. Na ile chemchemi jirani isiyokata? Yenyewe labda bomba lake halina mpindo, basi, hakuna cha zaidi.

La Reana haiko peke yake kwenye tabia hii. Kule Ufaransa, upande wa milima ya Pyrenees, kuna Fontestorbes, hiyo kipindi maji yamepungua inatoka na kukata kama kila baada ya saa moja, unakaa na kitafunwa chako unaisubiri. Na Italia pembeni ya ziwa Como kuna nyingine ambayo Plinius Mdogo aliiandikia barua nzima akisema inapanda na kushuka mara tatu kwa siku, akaanza kubuni sababu, moja akasema labda hewa inaziba njia kama kwenye chupa ya shingo nyembamba ambayo ukiiinamisha maji yanatoka kwa kukwama kwama. Hakuwa mbali sana, hewa kweli ni sehemu ya jibu. Kwa mtu wa enzi hizo asiye na kifaa chochote nampa maksi zake.

Pale Velilla pembeni ya bwawa kuna kanisa dogo, San Juan de Fuentes Divinas, yaani Mtakatifu Yohane wa chemchemi za kimungu. Dini zilibadilika, Wakantabria wakaja Warumi wakaja Wakristo, ila watu waliendelea kuyaheshimu maji yale yale.

Ukiacha maji, kuna na miti ya kale. Maana ukifika huku si vizuri uondoke bila kuiona. Upande wa pili wa milima hiyo hiyo ya chokaa, karibu na kijiji cha Dehesa de Montejo, kuna kibonde kinaitwa Tosande, na juu kwenye mteremko wenye kivuli kuna msitu wa miti wanayoiita tejo, kwa kisayansi Taxus baccata. Ni miti mifupi mifupi, minene, myeusi, imejipinda, mingine inahesabiwa kuwa na karne nyingi sana. Umri kamili huwa unasumbua kwa sababu tejo akizeeka anaoza katikati anabaki ganda lenye uwazi ndani, pete za kuhesabu miaka zimeondoka na ule moyo uliooza, lakini ganda linaendelea kunenepa kama hakuna kilichotokea. Anakua taratibu mno, ndo siri yake.

Kwa nini ipo pale na kwingine imeisha? Kwanza kivuli, unyevu na miamba, sehemu moto haufiki kirahisi na shoka halifiki kirahisi. Maana shoka lilikuwa na sababu. Mbao yake ni ngumu na inanesa, ndo ilitengeneza pinde za vita, Waingereza walizihitaji sana mpaka mwaka 1472 wakatunga sheria kwamba meli za wafanyabiashara zikileta mizigo lazima zilete na vijiti vya pinde. Halafu wafugaji nao waliichukia kwa sababu ina sumu: majani, magome, mbegu, vyote, farasi akila majani kidogo tu anaweza kudondoka moyo umesimama. Kitu pekee kisicho na sumu ni kile kinyama chekundu kinachozunguka mbegu, ndege wanakila, mbegu wanaidondosha mbali ikiwa nzima, na ndo hivyo mti unasambaa.

Hiyo sumu Wakantabria waliijua vizuri. Roma ilipigana nao kuanzia mwaka 29 mpaka 19 kabla ya Kristo, mpaka Kaisari Augustus mwenyewe akaja huko vitani, na mwandishi wa Kirumi Florus anasimulia kwamba waliozingirwa kwenye mlima Medullius walipoona hakuna pa kutokea walijiua kwa moto, kwa upanga na kwa sumu inayokamuliwa kwenye miti hii. Bora hivyo kuliko utumwa. Kule Asturias, mkoa jirani, mpaka leo utakuta tejo mkubwa amesimama kando ya kanisa la kijiji, ule wa kijiji cha Bermiego ulitangazwa rasmi kuwa kumbukumbu ya asili inayolindwa mwaka 1995, na zamani vijiji vilifanya vikao chini ya miti kama hiyo.

Cha ajabu, mti huo huo wa sumu leo unatibu. Majani yake ndo yalitoa malighafi ya docetaxel, dawa ya kemo inayotumika kwa saratani ya matiti na nyinginezo, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ila hapo ni kiwandani na kwa vipimo, tafadhali mtu asiende kuchemsha majani.

Kama utajaaliwa kufika, Guardo ndo mji wa karibu na Velilla, una stesheni ya ile reli nyembamba ya León mpaka Bilbao iliyojengwa karne ya 19 kubeba makaa ya mawe. Enzi za makaa zimepita, kituo cha umeme cha Velilla kilizima mwaka 2020, watu wengi wamehama, kwa hiyo usitegemee mabasi kila dakika, gari la kukodi ndo litakuokoa. La Reana utaimaliza haraka, Tosande itenge siku nzima maana ni kutembea kwa miguu, unaanza kwenye majani ya malisho halafu unapanda msituni. Ukifika kwenye tejo baki njiani, mizizi yake haipendi udongo uliokanyagwa, na kama una watoto waambie mapema vile vidude vyekundu vitamu havichumwi, kwa sababu mbegu ya ndani ikitafunwa ndo tatizo lenyewe. Dubu wapo kwenye hiyo milima pia, ila wao wanakukwepa kabla hujawaona.