Umeapa uraia Marekani, sasa wataka kuja Lamu? Ngoja kwanza

Mimi niliapa Ijumaa, na tiketi ya kuja nyumbani nilikuwa nishakata ya Jumapili ya wiki ya pili yake, maana kaka alikuwa aoa na mamangu kashanambia nisipokuja nisimpigie simu tena. Hata sikuwaza. Kila niliyemuuliza alinijibu jambo moja: "ukishaapa we ni raia bwana, wenda utakapo."

Hiyo ndo dhana ya kwanza na ndo iliyonikausha mate. Uraia kweli unaupata palepale ukimaliza kiapo, hilo halina ubishi, lakini raia bila pasi asafiri na nini? Siku ya kiapo wanakuchukua grini kadi, ile kadi ya mgeni aliyeruhusiwa kuishi kule, hairudi tena hiyo. Ukitoka wakupa cheti, likaratasi likubwa zuri lina picha yako, wapiga nalo selfi wee, lakini si hati ya kusafiria. Na sheria ya Marekani yataka raia wake atoke na aingie kwa pasi ya Marekani.

Sasa kuna wajanja watakwambia "toka na pasi ya Kenya basi". Haya, umetoka, umeshuka uwanja wa ndege wa Manda, umepanda boti mpaka gati ya Lamu, pilau umekula. Siku ya kurudi kaunta ya ndege Nairobi wakuuliza, grini kadi iko wapi? Huna. Viza? Raia hapewi viza ya nchi yake mwenyewe. Hapo ndo utaanza safari za ubalozini Gigiri ukiomba pasi ambayo ungeichukua kulekule, na kazini washaanza kukutafuta.

Pasi yenyewe haiji na cheti, hiyo pia watu wengi hawajui, wadhani watatumiwa tu nyumbani. Hapana. Ofisi inayotoa uraia si inayotoa pasi. Wajaza fomu ya DS-11, waenda mwenyewe kwa miguu yako (posta nyingi kule wapokea), walipa dola 130 za pasi na 35 za kupokelewa, na cheti chenyewe halisi unakiacha hapo pamoja na kopi. Moyo ulinidunda, karatasi nimeingojea miaka naitia bahasha ya mtu nisiyemjua! Lakini chenyewe warudisha, ila chaja kwa bahasha yake mbali na pasi, usishtuke ukaona pasi peke yake. Kwa kawaida wanasema wiki 4 mpaka 6, ukiongeza dola 60 wiki 2 mpaka 3, na siku za posta hazimo humo.

Mimi nilikuwa na siku tisa.

Kilichoniokoa ni kwamba ukiwa na safari ya nje ndani ya siku 14 waruhusiwa kupiga simu uombe miadi kwenye ofisi za pasi zenyewe, ziko miji michache. Si haki yako kupata nafasi, wapata zikiweko. Nilipiga toka asubuhi, muziki wa kungoja nimeuhifadhi mpaka leo, nikapata Detroit, nikaendesha masaa matatu na nusu na tiketi nimeichapisha mkononi. Watu husema "nunua tiketi mapema ni rahisi", mimi nasema iwe ya kubadilishika au usinunue mpaka pasi uishike. Na kama umebadilisha jina siku ya kiapo, tiketi iandikwe jina la kwenye pasi mpya, si lile la Lamu.

Nilipofika sasa, barazani mtaa wa Mkomani kila mtu wakili. "Usikae zaidi ya miezi sita, watakunyang'anya." Hizo ni habari za grini kadi jamani, mwenye grini kadi ndo akikaa nje muda mrefu anaanza kuulizwa maswali. Raia hana hesabu hiyo. Zamani kweli kulikuwa na sheria kwamba aliyepewa uraia akirudi kuishi kwao miaka mitatu aupoteza, mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikaiangusha 1964. Ikabaki nyengine ya kumshuku anayehamia nje mapema baada ya kuapa, nayo ikafutwa 1994. Kwa hivyo arusi ya wiki tatu haimuondoi mtu uraia, hata ukaamua kukaa mpaka Maulidi.

Kubwa lao lilikuwa hili: "umeapa kuikana Kenya, we si wetu tena, na kiwanja chako kitakwenda." Kiapo maneno yake makali, sikatai, nilipoyatamka nilimuwaza mamangu. Lakini uraia wa Kenya ni Kenya yenyewe ya kuuondoa, si jaji wa Ohio kule Marekani, na Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 16 yasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyengine. Na kama bado ni raia, ile kanuni ya mgeni kumiliki ardhi kwa lizi, yaani kwa kukodi, isiyozidi miaka 99 haikuhusu.

Ila kuna deni ambalo wengi hawalilipi. Sheria ya uraia ya 2011 yakutaka uitangazie serikali ya Kenya kwamba una uraia mbili ndani ya miezi mitatu, usipofanya ni kosa, faini mpaka shilingi milioni tano au jela miaka mitatu au vyote. Nilipowasomea hilo baraza ikanyamaza, mmoja akaagiza kahawa nyengine. Pasi ya Kenya kama iko hai njoo nazo zote mbili, hapa waingia kwa ya Kenya. Ukija na ya Marekani peke yake itabidi uombe eTA, kile kibali cha mtandaoni kilichochukua nafasi ya viza toka Januari 2024.

Mjomba wangu ndo aliyenitia huruma. Yeye aliapa 1998, wakati huo Kenya haikubali uraia mbili, kwa hivyo wake ulikwenda kweli, na miaka yote hii aingia kwao kama mtalii. Nikamwambia kifungu cha 14 cha Katiba hiyo chasema waliopoteza hivyo kabla ya 27 Agosti 2010 wana haki ya kuurudisha wakiomba. Akanambia soma tena. Nikasoma tena. Akanyamaza, halafu akamwita mamangu ndani, "dada, cheti changu cha kuzaliwa si kilikuwa kwenye lile sanduku la mama?" na wakaanza kutoa leso moja moja.